Juma Moja Mautuma: Upepo, Radi na Mvua ya Mawe



Sisi watu wa pwani tumelelewa na pepo mbili. Kaskazi hutuletea joto na bahari shwari, na ndiyo iliyokuwa ikisukuma majahazi kutoka Arabuni. Kusi hutuletea mvua za mwaka, mawimbi na baridi ya usiku. Kila mojawapo ina miezi yake, na mvuvi mzee akitazama upeo wa bahari huweza kukuambia kesho itakuwaje. Lakini aendaye bara ya magharibi hukuta hesabu nyingine. Huko siku moja hugawanyika mara mbili: asubuhi ya jua na mbingu safi, alasiri ya mawingu meusi na ngurumo. Tulikaa juma moja huko katika mwezi wa Aprili, tukiwa tumealikwa kusomesha watoto wa madrasa ndogo, na tuliyoyaona yanastahili kusimuliwa, kwani wengi wenu mna mabinti na dada walioolewa pande hizo.

Mautuma ni kata katika Lugari, kaunti ya Kakamega. Msafiri hutoka Mombasa kwa gari moshi hadi Nairobi, akapanda basi kupita Nakuru na Eldoret, kisha akateremka kwa barabara iendayo Malaba hadi Turbo. Kutoka hapo, matatu na pikipiki humfikisha. Ardhi yenyewe ni ya mawimbi mapole, yenye udongo mwekundu, na iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Zamani za ukoloni yalikuwa mashamba ya walowezi wa Kizungu. Wakati wa uhuru wa mwaka 1963 yakagawanywa na kupewa wananchi katika mipango ya makazi, na familia zikaja kutoka sehemu mbalimbali za nchi ya Waluhya na kwingineko. Ndiyo maana utasikia lahaja nyingi katika soko moja, na Kiswahili kikawa ndicho kiunganishi.

Waislamu wa hapo si wengi, walakini si wageni. Katika kaunti hiyo hiyo ndiko uliko mji wa Mumias, walikofikia wafanyabiashara wa misafara kutoka pwani yetu katika karne ya kumi na tisa, na ambako Nabongo Mumia, aliyefariki mwaka 1949, aliupokea Uislamu. Mwenyeji wetu alikuwa mama mmoja mjane, mzaliwa wa Mumias, aliyeolewa Mautuma akiwa msichana. Shamba lake ni ekari moja na nusu, nalo ndilo linalowalisha na kuwasomesha watoto wanne. Mahindi ameyapanda pamoja na maharagwe, kama ilivyo desturi ya huko.

Jambo la kwanza tuliloligundua ni la saa. Jua la Mautuma huchelewa kuliko la Mombasa kwa karibu dakika 20, kwa kuwa mahali hapo pako mbali upande wa magharibi. Mwenye kusafiri na ratiba ya swala ya Mombasa mfukoni ataadhini Magharibi ilhali jua lingali linaonekana juu ya miti. La pili ni baridi. Ahli yetu alikuwa amefungasha leso mbili na shuka nyembamba. Usiku wa kwanza mama mwenyeji alimletea blanketi zito bila ya kuulizwa, akacheka na kusema, "Dada, huku leso ni ya mchana."

Jioni hiyo kijana mkubwa wa nyumba alitusomea katika simu yake utabiri wa siku saba uliotolewa na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Kwa nyanda za juu za magharibi na bonde la Ziwa Viktoria ulisema hivi: asubuhi jua, alasiri na usiku mvua na ngurumo katika sehemu mbalimbali. Uliongeza tahadhari ya upepo mkali wa zaidi ya noti 25, yaani kiasi cha kilomita 46 kwa saa. Mama alisikiliza huku akichambua mrenda, kisha akauliza jambo moja tu: "Wamesema mawe?" Kijana akajibu kwamba mawe hayakutajwa. Mama akasema, "Mawe hayatajwi mpaka yaanguke."

Neno lake lilikuwa na ukweli zaidi ya tulivyodhani. Utabiri unaweza kueleza kwa siku kadhaa kwamba ngurumo zitakuwapo katika eneo pana, lakini mvua ya mawe huanguka katika ukanda mwembamba, ikapiga shamba la huyu na kuliacha la jirani yake. Milima ya Nandi na Kericho, isiyo mbali na hapo, ni miongoni mwa mahali panapopigwa mno na mvua ya mawe duniani. Katika mashamba ya chai ya huko imewahi kuhesabiwa zaidi ya siku 100 za mawe katika mwaka mmoja. Katika miaka ya 1960 wenye mashamba hayo walijaribu hata kurusha roketi na ndege mawinguni ili kuyapunguza.

Sababu yake ni hii. Mchana upepo mbichi hutoka Ziwa Viktoria kuja nchi kavu, nao hukutana na upepo utokao mashariki. Hewa hiyo ikikutanishwa na milima na joto la ardhi, haina pa kwenda ila juu. Wingu hupanda zaidi ya kilomita kumi, mahali penye baridi kali, na matone ya maji yaliyobebwa na upepo upandao huganda. Punje ya barafu huzungushwa humo, ikiongezewa ganda juu ya ganda kama kitunguu, mpaka iwe nzito kuliko nguvu ya upepo unaoibeba, ikaanguka. Pwani kwetu jiwe kama hilo lina safari ndefu ya kupita katika hewa ya joto, nalo aghalabu huyeyuka kabla ya kufika. Mautuma ardhi iko juu, safari ni fupi, na jiwe hufika likiwa jiwe.

Wapo waliodhani kwamba Kenya hunyesha theluji hata nje ya vilele vya milima. Mwezi Septemba mwaka 2008, karibu na Nyahururu, wakazi wa Busara waliona mlima mzima umefunikwa weupe, wakaijia theluji hiyo kwa furaha, wakaichota mikononi na kupigana picha. Wataalamu wa hali ya hewa walieleza kwamba ile ilikuwa mvua ya mawe iliyorundikana na kugandamana. Theluji ni fuwele nyepesi zishukazo polepole kama pamba katika hewa yenye baridi hadi chini, nayo hulala juu ya jani bila kulijeruhi. Mawe huja kwa kasi. Kwa mtazamaji ni weupe ule ule, lakini kwa mkulima tofauti yake ni chakula cha mwaka.

Siku ya Jumatatu na Jumanne mambo yalikwenda kama utabiri ulivyosema. Jumatano ilikuwa na joto lisilo la kawaida tangu asubuhi. Baada ya Adhuhuri mawingu yalianza kusimama upande wa milima kama minara, vichwa vyake vikiwa vyeupe na matumbo yake ya rangi ya wino. Kabla ya Alasiri, tukiwa darasani na watoto thelathini hivi, ulikuja ghafla upepo wa baridi uliofunga milango na kuinua vumbi. Huo, kwa mwenye kujua, ndio mjumbe: ni hewa iliyopozwa ndani ya wingu, ikashuka pamoja na mvua na kutawanyika mbele yake. Kutoka kwake hadi tone la kwanza ni dakika chache tu. Wanawake waliokuwa wameanika nafaka walikuwa wamekwisha kuziingiza kabla sisi hatujafahamu.

Kisha mabati yakaanza kulia. Sauti ilikuwa kama ya changarawe inayomwagwa kutoka kwenye lori, na sauti ya mwalimu haikufika hata kwa mtoto wa safu ya mbele. Tuliwakusanya watoto katikati ya chumba, mbali na madirisha, tukawaongoza katika tasbihi mpaka ngurumo zikapungua. Mawe mengi yalikuwa ya ukubwa wa punje ya hindi, mengine kama gololi. Yalianguka kwa muda usiotimia robo saa. Yalipokoma, uwanja ulikuwa mweupe, na watoto wakataka kutoka wayaokote. Tuliwazuia, kwa kuwa radi ilikuwa bado karibu.

Mama mwenyeji hakutazama paa la jiko lake, ambalo upepo ulikuwa umeling'oa bati mbili. Alikwenda moja kwa moja shambani, nasi tukamfuata. Mahindi yake yalikuwa na umri wa mwezi mmoja na majani matano hivi. Sasa yalikuwa kama nyuzi, kana kwamba kila jani limepitishwa katika kitana. Maharagwe yalikuwa yamekatika shina na kulala matopeni. Alisimama kwa muda, akasema "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," kisha akaanza kuhesabu kwa sauti ndogo: mbegu, mbolea ya kupandia, kibarua wa kulima, karo ya muhula ujao.

Alhamisi yake nyumba ilijaa majirani na rai zao. Wengi walimwambia alime upya na kupanda mara moja, maadamu mvua ingalipo. Mwenye duka alikuwa tayari kumkopesha mbegu. Chama chake cha akina mama kingeweza kumpa fedha za mbolea, lakini kwa kukopa angefungika hadi mavuno, na mahindi ya nyanda hizo huchukua miezi sita au zaidi. Aidha, mwenye kupanda mwishoni mwa Aprili huvuna akiwa amechelewa, na pengo la njaa nyumbani huwa refu. Akikosea upande mmoja, atang'oa shamba lililo hai na kuingia katika deni. Akikosea upande wa pili, atalinda shamba lililokufa na kupitwa na msimu.

Ijumaa baada ya swala alikuja afisa wa kilimo, kijana mpole, naye hakutoa rai kabla ya kutazama. Aling'oa mche mmoja wa hindi, akaupasua shina kwa wembe kuanzia chini, akatuonyesha. Ndani, karibu na mizizi, palikuwa na kiini cheupe, kigumu, kibichi. "Huu ndio moyo wake, Mama," alisema. "Hindi likiwa changa moyo wake hukaa chini ya udongo mpaka lifikishe kama majani sita. Mawe yamepiga nguo, hayakupiga mwili. Ngoja siku saba hadi kumi. Moyo ukibaki mweupe na jani jipya likatoka, usilime. Ukiwa wa kahawia na laini, hapo panda." Kuhusu maharagwe hakumficha. Moyo wa haragwe huwa juu, na likikatwa chini ya majani yake ya kwanza haliinuki tena.

Mama alifikiri usiku huo. Asubuhi ya Jumamosi alimwambia mwenye duka kwamba hatachukua mbegu za mahindi kwa sasa, akanunua kwa fedha zake kilo chache za maharagwe ya kuziba mapengo. Sisi tuliondoka Jumapili bila ya kujua mwisho wake.

Huenda msomaji akauliza kuhusu kuamini utabiri, kwani elimu ya ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, na mvua imetajwa waziwazi katika mambo hayo. Jawabu ni kwamba mtabiri wa hali ya hewa hadai ghaibu. Husoma dalili zilizowekwa, kama tabibu asomavyo homa, kisha husema "yamkini". Katika nchi ya Banyore, kaunti jirani ya Vihiga, wazee wa ukoo wa Nganyi wamejulikana kwa vizazi vingi kwa kusoma dalili za mvua katika miti, wadudu na pepo. Wataalamu wa hali ya hewa wamewahi kuketi nao na kulinganisha utabiri wao. Kutazama dalili na kujiandaa ni katika kufunga ngamia. Kudai kwamba mtu ndiye anayeizuia au kuiteremsha mvua ni jambo jingine, na hilo Muislamu huliepuka. Vilevile tumefundishwa tusiutukane upepo, bali tuombe kheri yake na tujikinge na shari yake.

Kwa akina mama wenye jamaa pande hizo, tunausia haya machache. Upepo wa baridi ukija ghafla alasiri, waingizeni watoto ndani ya nyumba imara, wala wasikimbilie chini ya mti. Mwaka 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika shule ya Runyanya nchini Uganda, nao walikuwa darasani. Kwa hiyo jengo la shule linahitaji kinga ya radi, na wazazi wana haki ya kuliuliza hilo. Hesabuni sekunde baina ya mwanga na ngurumo: kila sekunde tatu ni kama kilomita moja, na zikiwa chini ya thelathini basi radi i karibu. Baada ya ngurumo ya mwisho, subirini nusu saa kabla ya kutoka.

Wiki tatu baadaye mama yule alitupigia simu. Mahindi yalikuwa yametoa majani mapya. Kama robo ya miche ilikufa, upande wa bondeni ambako mawe yalirundikana, na hapo amepanda maharagwe na mboga. Hakuwa na deni. Alisema shamba linaonekana baya kwa wapita njia, majani ya chini yangali yamechanika, lakini yeye hulitazama kutoka juu. Bati mbili za jiko zimepigiliwa na kijana wake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie ndugu zetu wa bara mvua yenye manufaa isiyo na madhara, na awape subira mahali panapohitaji kungoja. Nanyi mlio na binti au dada huko, mpigieni simu juma hili, mumuulize mvua imewafikaje.