Vanishi, mafuta au nta?

Haya wasomaji, leo tuiweke tarakilishi kando kidogo. Nataka kuwasimulia hitilafu niliyoitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe.

Mjomba wangu huvua samaki katika bwawa la Kiambere, kwenye Mto Tana, upande wa Kitui. Mwaka juzi nilimchongea kafi la mukau. Watu wa Kitui na Makueni wanaujua mti huu: unastahimili ukame na mchwa hawaupendi. KEFRI walianza kuuboresha pamoja na Wajapani mwaka 2012, wakapanda mashamba ya mbegu Tiva, Kitui, na Kibwezi, Makueni.

Kafi nililipaka vanishi kote, mara tatu. Liling'aa kama meza ya hoteli! Miezi minne baadaye likapasuka mjomba akiwa katikati ya maji. Alirudi ufukoni akipiga maji kwa kipande kilichobaki, na bwawa lile lina mamba. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mpwa wangu, uliniletea pambo." Sikulala vizuri usiku ule.

Nikalichunguza kama ninavyochunguza programu iliyogoma. Vanishi ilikuwa imebanduka kwenye ncha, pale kafi linapogonga mawe. Ncha ndipo nyuzi za mti zimekatwa, nazo hunyonya maji kama mirija. Maji yaliingia yakanaswa chini ya vanishi. Mti ukavimba, jua likaukausha, ukapasuka. Na mpini? Vanishi ilikuwa imemchubua viganja. Hilo hakuwahi kuniambia, wala mimi sikuwahi kumwuliza.

Basi nikapima upya. Mafuta ya kitani hupenya ndani ya mti, hayabanduki, na unaweza kupaka tena bila kukwangua. Lakini hukauka polepole kwa kuchukua oksijeni hewani, na kazi hiyo hutoa joto. Tafadhali zingatieni: matambara yaliyolowa mafuta haya yakirundikwa yanaweza kuwaka yenyewe. Yatandaze nje, mbali na nyumba, mpaka yakauke.

Nta ya nyuki tunayo, kwetu ni nchi ya asali. Huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi za Selsiasi, kwa hiyo juani hulegea, na peke yake haizuii maji kwa muda mrefu.

Toleo la pili likawa hivi: ncha nimeiziba kwa epoksi, bapa nimelipaka vanishi ya mashua yenye kinga ya jua, na mpini umepata mafuta ya kitani na nta kidogo tu.

Nilimpelekea Jumamosi iliyopita. Akaunusa mpini, akacheka, akasema unanukia mzinga. Nikamwachia pia kopo la mafuta na nta, nikamwonyesha namna ya kupaka. Wenzangu wa programu huria mtanielewa: sasa anaweza kulitengeneza mwenyewe bila kunisubiri mimi.