Betri Inapokataa Chaja

Chombo kikigoma nyumbani, jambo la kwanza linalojaribiwa huwa ni nguvu. Redio hupigwa kofi, mlango husukumwa kwa bega. Mara nyingi hasara yake huwa ndogo. Lakini betri ya baiskeli ya umeme si chombo cha kulazimishwa, kwa maana ndani yake mmefungiwa nguvu ya kutosha kuunguza nyumba na waliomo.

Jijini Juba baiskeli hizi bado ni ngeni, na barabara zingali mikononi mwa bodaboda za petroli. Mtaani Mangateen nyumba moja hutumia umeme wa mji, ya pili hutegemea jenereta, na ya tatu ina paneli ya sola juu ya paa la mabati. Katika mazingira hayo, betri isiyoingia umeme humpa mwenyewe mambo mengi ya kushuku.

Askari mmoja wa polisi wa mtaa huo alirudi kutoka lindoni saa nane mchana, mwezi wa Machi, baiskeli yake ikiwa imesimama juani tangu asubuhi. Alipochomeka chaja, taa ambayo huwaka nyekundu umeme unapoingia ilibaki kijani, kana kwamba betri imejaa, ilhali ilikuwa tupu. Baiskeli hiyo ndiyo humpeleka kazini, na siku zake za mapumziko mkewe huitumia kupeleka mboga soko la Konyokonyo. Jirani mmoja, hodari wa kutengeneza redio, akajitolea kuifungua betri na kuunganisha nyaya moja kwa moja kwenye seli. Mke akasema, "Baba watoto, kama imekataa, iacheni kwanza. Usiku watoto wanalala humu humu." Betri ikawekwa kivulini hadi jua likatua. Ilipochomekwa tena, taa ikawaka nyekundu.

Betri ya namna hii, iliyotengenezwa kwa lithiamu, huwa na kibao kidogo cha elektroniki kinachozilinda seli zake. Katika betri nyingi kibao hicho hukata umeme wa chaja joto likizidi nyuzi 45 hivi. Mwezi Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule kwa sababu ya joto kali, na Februari 2025 ikazifunga tena. Siku kama hizo, betri iliyoachwa juani au chini ya bati huwa na joto kupita hata hewa yenyewe. Kibao hicho ni mlinzi wa zamu. Askari anajua kwamba mlinzi anayekataa kufungua lango hapigwi, bali huulizwa ameona nini. Kumruka kwa waya ni kuliacha lango wazi.

Ikiwa betri imepoa na bado inakataa, uchunguzi uanzie nje ukielekea ndani. Kwanza ni soketi: ichomekwe taa au simu kuona kama umeme upo. Wenye sola wakumbuke kwamba chaja ya kawaida ya ampea 2 hula wati 100 hivi kwa muda wa saa tano au zaidi. Mtambo mdogo uliowekwa kwa ajili ya balbu na simu hauwezi kubeba mzigo huo.

Pili ni chaja. Fundi mwenye mita aipime: chaja ya betri ya volti 36 hutoa volti 42, na ile ya volti 48 yenye seli 13 kwa mfululizo hutoa volti 54.6. Mita ikisoma sufuri, kosa ni la chaja au fyuzi yake, na betri haina hatia. Chaja ya kuazima isiyolingana na betri isitumiwe hata kwa dakika moja, wala ile ya betri za risasi.

Tatu ni tundu la kuchajia. Vumbi lipanguswe kwa kitambaa kikavu, na ionekane kama kuna pini iliyopinda au kuungua. Hapo ndipo kazi ya mwenye nyumba inapokoma. Yaliyomo ndani ni ya fundi wa betri za lithiamu.

Iko sababu nyingine inayowahusu hasa wanajeshi. Askari hupelekwa mbali kwa miezi, naye huiacha betri ikiwa tupu. Ikishuka mno, shaba iliyo ndani ya seli huanza kuyeyuka, na ikichajiwa kwa nguvu, shaba hiyo yaweza kuunganisha pande mbili zisizopaswa kukutana. Moto huzaliwa hapo. Kabla ya safari, betri iachwe ikiwa na nusu ya umeme wake, mahali penye ubaridi, nayo ikaguliwe kila mwezi.

Hatari hii si hadithi. Jijini New York, mwaka 2023, betri za lithiamu zilisababisha mioto 268 na vifo vya watu 18, na huko wazima moto wako karibu. Kwa hiyo betri ichajiwe mchana watu wakiwa macho, mbali na kitanda na mlango wa pekee wa kutokea. Ikivimba, ikitoa harufu ngeni au mlio wa kufoka, watu watoke na wasivute moshi wake. Kwa anayeweza kuufikia moto huo kwa usalama, maji mengi ndiyo hupoza seli, baada ya umeme wa ukutani kukatwa.

Mambo haya yasibaki kichwani mwa baba peke yake. Mama na watoto wakubwa wafundishwe taa za chaja, mahali pa kuchajia na njia ya kutokea, kwa kuwa baba akiwa zamu, wao ndio watakaokuwa nyumbani na betri hiyo.