Nta kwenye Kitako cha Chungu

Jumanne, 4 Juni 2024. Kayanga, Karagwe

Kiangazi kimeshika, na vyombo vinakauka vizuri. Vikombe na bakuli vimetoka jokoni vikiwa vyekundu, vimechomwa mara ya kwanza kwa nyuzi 950 hivi. Ukigusisha ulimi kwenye kikombe, unanata, maana vitundu vya udongo bado viko wazi na vina kiu. Kiu hiyo ndiyo inayoshika gilezi. Gilezi ni unga wa mawe uliokorogwa na maji. Ya kwetu ina kaolini ya Pugu na unga wa kioo. Ukichovya kikombe, udongo hunywa maji na unga huganda nje. Kwenye uchomaji wa pili unga huyeyuka ukawa kioo. Shida ni kwamba kioo hicho hushika chochote kinachogusa, pamoja na rafu ya joko. Kikipoa, kikombe utakibandua kwa patasi, na mara nyingi kitako kinabaki palepale. Ndiyo maana tunaanza na nta kwenye kitako, ili gilezi isishike hapo.

Alhamisi, 6 Juni

Nta tunanunua kwa mfuga nyuki wa hapa jirani: masega yaliyokwisha kukamuliwa, yakachemshwa na kuchujwa kwa kitambaa. Inanukia vizuri mno. Peke yake huganda upesi kwenye brashi, kwa hiyo naichanganya na mishumaa na matone ya mafuta ya kupikia. Waliowahi kutengeneza batiki wanaujua mchanganyiko huu, ila wao wanazuia rangi isiingie kwenye kitambaa.

Kopo la nta haliwekwi juu ya mkaa. Nta ikizidi joto hushika moto, na moto huo haumwagiwi maji, utalipuka. Kopo linakaa ndani ya sufuria ya maji. Huku kwetu, juu ya mita 1,500, maji huchemka karibu na nyuzi 95. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye 62 hadi 64. Moto wa ziada wa nini?

Nimepaka vitako mchana kutwa. Kikombe kinapinduliwa katikati ya gurudumu, gurudumu linazunguka polepole, brashi inatulia mahali pamoja. Nta yenye joto la kutosha huzama, na udongo hukoza rangi papo hapo. Ikibaki juu kama ukoko mweupe, ujue imepoa, na itabanduka. Mstari naupandisha milimita 3 juu ya ukingo wa kitako, kwa sababu gilezi ikiyeyuka huteremka. Tone likidondoka ubavuni halifutiki kwa sabuni wala kisu. Chombo kirudi jokoni liungue.

Vyungu vyenye kifuniko vinataka uangalifu zaidi. Mdomo wa chungu na ukingo wa kifuniko vyote vinapakwa nta, kisha vinachomwa kifuniko kikiwa mahali pake. Vikipinda, vinapinda pamoja, na bado vinaoana.

Jumapili, 9 Juni. Nkwenda, Kyerwa

Nimempelekea kikombe chenye gilezi bibi mmoja ambaye amefinyanga tangu ujana wake. Baada ya shikamoo na marahaba, kabla ya kutazama rangi, alikipindua akapitisha kidole gumba kwenye kitako kisicho na gilezi.

"Hapa mmeuacha udongo."

"Ndiyo, bibi. Tulipaka nta."

"Na mtungi wa maji nao mnaupaka hiyo ya kung'aa?"

Nikamwambia wapo wateja wanaoomba.

"Maji yatapoa vipi, mjukuu wangu?"

Hilo ndilo swali. Mtungi hupooza maji kwa sababu hutoka jasho: maji kidogo hupenya ukutani, yakifika nje hukauka na kuondoka na joto. Kioo huziba njia hiyo. Mtungi uliopakwa gilezi ni ndoo nzito tu.

Jioni nimewaza juu ya vitako. Vyungu vya Urewe, vilivyofinyangwa katika nchi hizi za Ziwa Nyanza zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, vingi vina kishimo kilichobonyezwa chini ya kitako. Wanaakiolojia walivipata pia Katuruka, upande wa Bukoba. Mfinyanzi wa wakati ule alijali upande ambao mnunuzi haangalii.

Jumatano, 12 Juni

Bibi alinionyesha anavyoviringisha kikamba kilichosokotwa shingoni mwa chungu kibichi, kikaacha mistari ya meno madogo madogo. Gilezi ikipita juu ya mistari ile huijaza na kuifuta. Leo, kwenye vyombo vyetu vyenye mistari kama hiyo, nimeipaka nta bendi yote ya kamba, ndani ya kila kijino, ili ibaki udongo mtupu. Kazi ya kukondesha macho, lakini naiamini. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, hatumii gilezi kabisa, na vyombo vyake vimo British Museum. Udongo usio na kioo hauna haja ya kuombewa radhi.

Ijumaa, 14 Juni

Siku ya kuchovya. Gilezi ikikutana na nta hukataa, ikajikusanya kama umande juu ya jani la gimbi. Vitone hivyo nimevifuta kimoja kimoja kwa sponji yenye maji. Ukiviacha, vinayeyuka na kuacha madoa kwenye udongo safi.

Mtu amenishauri niongeze risasi ya betri kuukuu ili gilezi iyeyuke mapema na kuni zipungue. Nimekataa kata kata. Risasi hutoka kwenye kioo ikaingia kwenye chai ya ndimu na maziwa ya mgando, na huharibu ubongo wa mtoto.

Jumanne, 18 Juni

Joko limefunguliwa likiwa vuguvugu. Nta iliungua mapema, kwa moshi mwingi saa ya kwanza, na haikuacha alama. Vitako vimeinuka bila kushika rafu. Vifuniko vimefunguka kwa kugonga kidogo. Bendi ya kamba imebaki nyekundu kati ya kioo cha kijani juu na chini, na kila kijino kinahesabika.

Nimewaeleza wenzangu karakanani: vikombe, bakuli na vyungu vya kuhifadhia vitapakwa gilezi ndani kote, na nje bendi ya kamba itapakwa nta. Mitungi ya maji haitachovywa tena, hata mteja akiomba. Aelezwe sababu, kisha aachiwe achague kikombe.