Sakafu Ikiondoka
Rotor ni pipa kubwa lililobuniwa na Mjerumani Ernst Hoffmeister mwishoni mwa miaka ya 1940. Mnaingia, mnaegemea ukuta, linazunguka. Kasi ikikolea sakafu inashuka, nanyi mmenata ukutani bila hata mkanda. Siku hizi zimebaki chache.

Mimi naijua kwenye Les Quatre Cents Coups, filamu ya François Truffaut ya 1959. Antoine, mtoro wa shule asiye na raha nyumbani, yumo ndani anajipindapinda; Truffaut mwenyewe yumo pia.

Mwaka tuliomzika mama niliirudia sehemu ile karibu kila usiku. Sikuitamani kasi, jamani. Nilitaka kuona sakafu ikiondoka na mtu asianguke. Sijawahi kuipanda, lakini naikumbuka kama bembea ya sikukuu, mama akinisubiri nje.