Nilianza na Aya ya Kumi na Moja

Januari ile kanisani kwetu tulifunga siku 21. Ombi langu nilikuwa nimeliandika kwenye kikaratasi kwa neno moja: kazi. Mkataba wangu ulikuwa umekwisha Novemba, na mwenye nyumba alikuwa anasubiri kodi ya Februari. Mama alinitumia Isaya 58:11 kwa simu, nami nikainakili na kuibandika kwenye kioo cha chumbani. Humo Mungu anaahidi kumwongoza mtu wake siku zote, kumshibisha hata penye ukame, na kumfanya kama bustani inayomwagiliwa, kama chemchemi isiyokauka.

Mimi ni mtoto wa Dodoma, kwa hiyo ukame kwangu si lugha ya picha. Kijijini kwa bibi, kiangazi kikikolea, tulikuwa tunachimba mchanga wa korongo, tunakaa pembeni kungoja maji yajikusanye, tunachota kwa kata. Kisima kilichotoa ndoo kumi jana, leo kinakupa tope. Bibi alikuwa akisema korongo limetudanganya. Nilipokuja kujifunza kwamba Kiebrania cha aya hiyo, neno kwa neno, kinataja chemchemi ambayo maji yake hayasemi uongo, nilicheka peke yangu.

Usiku wa siku ya tisa njaa ilininyima usingizi, nikaamua kuisoma sura yote. Kumbe inaanza kwa ugomvi! Watu wanalalamika kwamba wamefunga na Mungu hata haoni. Wanajibiwa kuwa siku hiyohiyo wanayofunga ndiyo wanayowabana wanaowafanyia kazi. Wasomi wengi huiweka sura hii baada ya uhamisho wa Babeli, Koreshi alipokuwa ameshawaruhusu Wayahudi kurudi mwaka 538 KK. Walirudi kwenye magofu, wana shida za kweli, na bado wanaulizwa habari za vibarua wao. Ahadi yangu ya kwenye kioo inakuja baadaye sana, na imetanguliwa na "kama": kama ukiondoa uonevu kwako, kama ukimshibisha mwenye njaa.

Chumba cha pili alikuwa amelala binti anayenilelea mtoto. Nilikuwa sijamlipa miezi miwili, 70,000 kwa mwezi. Nilimwambia asubiri nipate kazi, akajibu, "Sawa, dada." Na niseme ukweli: hela ilikuwepo. Niliiita ya kodi. Nyingine, 100,000, ilikuwa kwenye bahasha ya sadaka ya kumalizia mfungo.

Nilimkasirikia mama kwa kunikatia aya katikati. Hasira ya kipuuzi, najua. Biblia nzima ilikuwa mezani kwangu.

Asubuhi nilimpa 140,000. Alizihesabu mara mbili, kisha macho yakamjaa machozi.

"Dada, nimekosa nini?"

Alidhani namfukuza. Katika nyumba alizopitia, kulipwa deni lote kwa mkupuo kulikuwa na maana moja tu. Nilipomwambia haondoki popote, alikaa chini pale pale jikoni. Mchana akatuma karibu zote kwao. Mdogo wake alikuwa amepangiwa kidato cha kwanza, shule zimefunguliwa, naye yuko nyumbani kwa kukosa sare na madaftari. Hakuwahi kuniambia. Angeniambiaje, wakati kila jioni ananisikia nikimlilia Mungu kwamba sina kitu?

Mfungo ukaisha bila simu yoyote ya kazi. Kodi nililipa nusu, mwenye nyumba akaninunia. Bahasha ya sadaka niliipeleka ikiwa nyembamba. Nikawa naishi kwa kuwaandikia watu ripoti, hela ya leo kwa leo. Kwenye kioo niliongeza karatasi ya pili juu ya ile ya kwanza, yenye aya ya tatu kwa mwandiko wangu.

Mama alipokuja Aprili aliziona zote mbili. Alivaa miwani, akasoma taratibu, akaivua.

"Na huyu binti," akauliza, "mshahara wa Machi umeshampa?"

Mwezi ulikuwa na siku sita. Nilikuwa bado.