Bei ya Haki ya Injini Kuukuu
Huku kwetu ufukoni mwa Ziwa Victoria, marehemu mmoja wa Kendu Bay aliacha watoto wadogo na injini ya Lister iliyoendesha kinu cha kusagia mahindi. Mnunuzi alibisha hodi, akataka kuinunua kwa kilo, kama chuma chakavu. Mjane akaniuliza: je, hiyo ni bei ya haki?

Injini hizo, zilizoundwa Dursley, Uingereza, zilisifika kwa kudumu. Ile ya nguvu za farasi 6 huzunguka mara 650 tu kwa dakika. Vipuri vyake hutengenezwa Rajkot, India. Basi bei ya uzito ndiyo ya chini kabisa. Nilimshauri amwite fundi wa Kibuye, Kisumu, asiyekusudia kununua, alizungushe gurudumu, ahisi kama pistoni ingali inabana, atazame nyufa na kutu. Ikiwaka, iuzwe kwa bei ya mashine ya kazi. Ikiwa na ila, itajwe, kwani kuficha ila ni ghushi.

Imepokewa kwamba Jarir bin Abdillah, sahaba wa Mtume (s.a.w.), alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300. Alipomwona anastahili zaidi, alimwongezea muuzaji mpaka 800, kwa kuwa alikula kiapo cha kumtakia kheri kila Mwislamu.

Kina mama, ridhaa ya asiyejua thamani ya chake ni ridhaa pungufu. Na katika mirathi mna fungu la mayatima: shilingi ipoteayo humo, mama hana mamlaka ya kuisamehe.

Wabillahi tawfiq.