Kijito cha Acocks Green na Mbolea Yetu

Aingiaye bustani ya Fox Hollies, hapa Acocks Green, baada ya mvua ya usiku kucha, hukikuta kijito cha Westley Brook kimejaa, maji yake yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. Kijito ni chembamba, lakini safari yake ni ndefu: huingia mto Cole, na maji yake hupitia Blythe, Tame na Trent hata kufika Bahari ya Kaskazini.

Wasomaji wapenzi, tuna deni kwa kijito hiki. Tulipokodi kipande cha shamba la mboga, tulitamani sukumawiki yetu istawi upesi. Jioni moja ya masika ya huku tukamwaga mbolea ya chumvichumvi, mara mbili ya kipimo, ilhali mawingu yametanda. Usiku ikanyesha. Asubuhi tulikuta vifereji vimechimbika mteremkoni, udongo umeshuka mtaroni, na mbolea haionekani. Baada ya majuma machache maji ya mtaro yalivaa utando wa kijani; sukumawiki ikabaki na umanjano wake.

Tuliona haya. Kwa miaka mingi tuliwafundisha watoto wa wakulima kusoma maandishi ya mfuko wa mbolea, wala hatukuwafundisha kutazama mbingu kwanza.

Naitrojeni huyeyuka na kwenda na maji. Fosforasi hushikamana na udongo na kusafiri nao. Vyote viwili vikifika majini hulisha mwani. Mwani ukifa na kuoza, hewa ya oksijeni hupungua, samaki wakakosa pumzi. Wenzetu wa Kisumu na Mwanza walioona gugumaji likitanda Ziwa Viktoria katika miaka ya 1990 wanajua jinsi rutuba iliyopotea nchi kavu inavyogeuka balaa ziwani.

Dawa yake wazee wetu walikuwa nayo. Wamatengo wa Mbinga hulaza nyasi zilizofyekwa katika miraba, huzifukia kwa udongo wa katikati, na kubakiza mashimo yaitwayo ngoro. Mvua hutuama shimoni, nyasi huoza zikawa mbolea, na mteremko haumomonyoki. Wakamba nao huchimba mfereji kukingama mteremko na kutupa udongo upande wa juu. Ndiyo «fanya juu». Sisi wasomi tuliyaita hayo mambo ya kale.

Sasa matuta yetu yamekingama mteremko. Mbolea tunaitia kidogo kidogo, karibu na mizizi, mmea unapoihitaji, na kamwe si kabla ya mvua kubwa. Wakati wa baridi hatuuachi udongo uchi. Tunaufunika kwa majani makavu. Ukingoni mwa mtaro tumeacha ukanda wa nyasi uchuje maji.

Hata sheria ya Uingereza, tangu Aprili 2018, inamkataza mkulima kutia mbolea katika udongo uliojaa maji au ulioganda, au kutia mbolea ya viwandani ndani ya mita 2 kutoka mtoni.

Basi wazazi, mkienda shambani Jumamosi, nendeni na watoto. Waonyesheni tuta, kisha wapitisheni kijitoni, wajue kwamba hayo mawili ni shamba moja.